Maji ya Kwa Mama

Kwa miaka kumi na miwili Monowara alizunguka vijijini na fomu zake, akimuuliza kila mwenye mimba: pampu yenu imepakwa nyekundu au kijani? Nyekundu ina aseniki, sumu ya ardhini isiyo na ladha; kijani ni salama. Kwamba huharibu ngozi ya watu wazima ilishajulikana. Ofisi ya afya iliyomtuma ilitaka kujua kama inamdhuru mtoto aliye tumboni.

Delwar, mpiga hesabu wa ofisi, alimsomea matokeo huku akitafuna tambuu.

"Katika kila wanawake mia wa nyekundu, waliopoteza watoto ni wanane. Wa kijani, wanane. Hatari ni ileile, dada. Tumechosha miguu yako bure."

Monowara alishusha pumzi. Binti yake Jhorna, aliyepoteza mtoto wa kwanza mwaka juzi, alikuwa anakuja Ijumaa kujifungulia kwao, na pampu ya kwao ni nyekundu. Basi hakuna neno.

Alifika mlangoni, akasimama.

"Delwar, mkeo alizalia wapi?"

"Swali gani hilo? Kwa mama yake, kama watu wote."

"Alikaa muda gani?"

"Miezi minne. Nilikula mayai mpaka nikakaribia kutaga."

"Na kwenye fomu aliandikwa pampu ya nani?"

"Yangu. Si ndiko anakoi..." Taya la Delwar likasimama.

Walikaa sakafuni na fomu, zilizotaja pia nyumba ya kujifungulia, na orodha ya rangi za pampu zote, wakazihamisha moja moja: kila mwanamke akafuata maji aliyokunywa miezi ile ya mwisho. Walipomaliza, Delwar alihesabu upya, mara mbili.

"Nyekundu kumi na wawili. Kijani wanne," alisema taratibu. "Mara tatu, dada."

Mkononi Monowara alikuwa na fomu moja iliyotoka rundo la kijani, yenye mwandiko wake mwenyewe. Jhorna. Pampu: kijani. Mtoto: amekufa. Alikumbuka alivyokuwa akimjazia binti yake bilauri kwenye pampu yake nyekundu na kumhimiza anywe kwa sababu ya joto kali.

Akapiga simu.

"Ijumaa usije, mwanangu. Nakuja mimi."

"Mama! Ukae kwa mkweo? Watu watasema umekosa haya!"

"Waseme. Mpishie mumeo mapema, ananionea aibu huyo, hatakula mbele yangu."

Jhorna alicheka. "Kwani kuna nini?"

"Nikifika nitakwambia," alisema Monowara. "Kunywa maji ya hukohuko."