Ukurasa wa Kumi na Nne

Chuoni walimwita Tanbihi, kwa sababu alisoma vitabu kuanzia chini. Wenzake wakifungua ukurasa hutazama kichwa cha sura. Yeye macho yalimkimbilia kule mguuni, kwenye herufi ndogo kama sisimizi, aone mwandishi kayaokota wapi maneno yake. Hakuamini kitu kwa kuwa tu kimepigwa chapa. Hata ratiba ya mitihani aliiuliza imebandikwa na nani.

Muhula ule alikuwa na sababu ya kushuku zaidi. Utafiti wake wa kumalizia chuo ulihusu kiwanda cha sabuni kilichoungua miaka thelathini nyuma. Vitabu vitano, vya watu wenye shahada ndefu kuliko majina yao, vilisema jambo moja: kiwanda kiliteketea kwa uzembe wa mtunza boila, aliyelala zamu. Mtunza boila huyo alikuwa babu yake mzaa baba. Mzee alikufa kimya na neno hilo shingoni, na mjukuu akalirithi: shule ya msingi nzima ilimwita Mjukuu wa Usingizi.

Mhadhiri aliyemsimamia alikuwa na miwani mbili, moja puani, moja utosini, na hakuna aliyejua ipi anaonea.

"Kijana, kanuni yangu unaijua," alisema. "Dai moja, vyanzo vitatu vinavyojitegemea. Hapa vipo vitano. Wewe umekuja na nini?"

"Na shaka, Mwalimu."

"Shaka ya mtafiti, au shaka ya mjukuu?"

Kumbe alijua. Tanbihi alihisi masikio yakimwaka.

"Lisemwalo lipo, kijana."

"Na lisipokuwapo, Mwalimu, hunukuliwa."

Mhadhiri hakucheka. Alimpa wiki moja: alete ushahidi, au aandike kama walivyoandika wenzake.

Tanbihi akavipanga vile vitabu juu ya meza ya maktaba, akaanza kuviuliza kimoja kimoja kama askari anayehoji washukiwa. Cha tano kilinukuu cha nne. Cha nne kilinukuu cha tatu, ambacho mwandishi wake alikuwa mhadhiri mwenyewe. Cha tatu na cha pili vilikiegemea cha kwanza. Na cha kwanza, chini kabisa, kiliandika: Ripoti ya Tume ya Uchunguzi, uk. 14. Mashahidi watano, mdomo mmoja!

Ripoti hiyo ilibaki nakala moja, na husomwa mbele ya macho ya mkutubi. Huyu alikuwa mama mnene wa sauti ndogo, mwenye mazoea ya kukagua mikoba.

"Fungua mkoba."

"Nimeshaufungua nilipoingia, mama."

"Ulipoingia ulikuwa mpita njia. Sasa unashika ripoti. Fungua."

Alifungua mkoba, ndipo akapewa ripoti. Karatasi zilikuwa za manjano, zimepigwa taipureta. Akafunua kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Kisha kumi na tano. Katikati palibaki ukingo mwembamba wa karatasi iliyokatwa kwa wembe, umenyooka mpaka karibu na chini, ambapo ulipinda ghafla, kana kwamba mkono ulitetemeka. Ukurasa wa kumi na tano ulianza hivi: *Madai hayo yote mawili Tume haiyakubali, kwa kukosa ushahidi.*

Mawili? Vitabu vyote vilitaja moja.

"Mama, huu ukurasa uko wapi?"

"Ndiyo sababu nakagua mikoba," mkutubi alisema. "Miaka kumi na tisa namsaka mwizi huyo." Akautazama tena mkoba wa Tanbihi.

Kwenye mfuko wa jalada la nyuma kulikuwa na kadi ya kuazima, ya enzi zile ripoti ilipokuwa ikiruhusiwa kutoka; mkutubi alikagua mikoba, kadi hakuikagua. Tanbihi akaichomoa. Mstari wa pili kutoka chini ulikuwa na sahihi iliyojikunja kama seng'enge. Aliijua, ilikuwa juu ya kila insha aliyorudishiwa. Mhadhiri! Vyanzo vitatu, miwani mbili, na wembe mmoja!

Kisha kidole chake kikateleza mstari wa mwisho. Mwandiko wa duara, safi, wa kufundishia watoto kuandika. Mwandiko uliomfundisha yeye. Jina la shangazi yake.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Alimkuta shangazi mezani, anasahihisha madaftari ya darasa la tatu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana kama daftari la mtoro?"

"Ulisomea ualimu chuo chetu, sivyo?"

"Na wewe tangu lini unanihoji?"

"Ukurasa wa kumi na nne uko wapi?"

Kalamu nyekundu ilisimama. Shangazi aliinuka, akarudi na bahasha ya vyeti vyake. Chini ya vyeti vyote, karatasi ya manjano.

"Nilikuwa mwanafunzi kama wewe," alisema. "Nikafunua, nikaona 'alilala'. Baba yangu alikuwa hai, amekaa barazani hasemi na mtu. Nikasema basi, hakuna atakayelisoma tena."

"Ulisoma mpaka chini?"

"Machozi yanasoma mpaka chini?"

Tanbihi akamsomea. *Menejimenti inadai kwamba mtunza boila alilala zamu.* Na chini yake, mistari ambayo hakuna kitabu kilichoigusa: *Wafanyakazi wanadai kwamba mtunza boila alitoa taarifa mara tatu kuhusu bomba linalovuja, asisikilizwe.*

"Mara tatu!" Shangazi aliishika meza. "Miaka yote hiyo nimelilalia kabatini! Andika hilo, mwanangu. Leo hii!"

"Na la kwanza?"

"La kwanza wameliandika watano. Sasa zamu yetu."

Neno lilikuwa tamu. Tanbihi alilionja, akajishuku mwenyewe kama alivyowashuku wengine.

"Ukurasa wa kumi na tano unasema yote mawili hayakuthibitishwa, shangazi."

"Nani kauona? Nipe wembe niukate na huo!"

"Shangazi!"

"Wewe mtoto wa nani? Babu yako anakuomba jina, unampa tanbihi!"

"Wao walinyofoa nusu wakamzika babu. Nikinyofoa nusu nyingine, nimewazidi nini?" "Tena karatasi hii peke yake haitoshi. Mhadhiri atasema tumeichapa nyumbani. Lazima ikalinganishwe na pale ilipokatwa."

Shangazi alielewa maana yake: aliyekata ajulikane. Mwalimu mzima, mwizi wa maktaba. Alirudi kwenye madaftari, akasahihisha matatu bila kuyaona.

Asubuhi alivaa gauni lake la mikutano, akatangulia yeye.

Kwenye kaunta mkutubi aliisogeza karatasi taratibu mpaka ikagusa ukingo. Ikakaa. Hata pale pa kupinda, mtetemo uliingia ndani ya mtetemo.

"Kumbe mwizi ni mwalimu," mkutubi alisema.

"Niliazima," shangazi alisema, kidevu juu. "Nikachelewa."

Mkutubi alimkazia macho. Halafu akachukua muhuri, akatoa nakala ya kurasa zote mbili, akaigonga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Mkoba wako nitaukagua mpaka nistaafu."

Mhadhiri aliisoma nakala hiyo kwa miwani ya puani, akairudia kwa ya utosini.

"Ripoti hii niliisoma mwenyewe," alisema.

"Mpaka ukurasa wa ngapi, Mwalimu?"

Mhadhiri aliivua miwani ya puani, akaiweka juu ya nakala. "Andika," akasema. "Na kitabu changu usikisahau."

Jioni shangazi aliisoma sura aliyoiandika Tanbihi, kalamu nyekundu mkononi, akitafuta kosa. Mwishoni paliandikwa: *Chanzo cha moto hakijulikani.* Alilirudia neno hilo kwa ncha ya kalamu. Halikuwa alilolitaka. Lakini halikuwa "alilala".

Akaweka alama ya vema pembeni, ndogo, ya kumpa mwanafunzi mkaidi haki yake.

"Na hapa chini," akauliza, "umeandika kurasa zipi?"

"Kumi na nne na kumi na tano, shangazi."