Ukuta wa Rangi ya Pera

Kabla ya alfajiri nilisikia kitu kikidondoka juu ya kifuniko cha sufuria sebuleni, kidogo kidogo, kama panya anayetafuna karatasi. Niliwasha taa. Ukuta wangu ulikuwa unabanduka.

Ilikuwa mwaka wa 1955, hapa Kadutu, Bukavu. Saa tatu asubuhi ile Bwana mmoja, mzungu wa kamati ya serikali, angekuja kukagua nyumba yetu, pamoja na Mademoiselle aliyetufundisha sisi wake za makarani kazi za nyumbani. Wakiridhika, mume wangu Polycarpe angepata ile kadi waliyopewa Wakongo wachache tu. Mwenye kadi hakuchapwa fimbo. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemkanda Polycarpe mgongo kwa maji ya vuguvugu, naye alikuwa ameuma shuka asilie. Sikuitaka kadi kwa fahari.

Mademoiselle alituambia sebule ipakwe waridi hafifu, rangi inayompumzisha mgeni. Jana yake nilichanganya chokaa na udongo mwekundu kidogo mpaka ndoo ikawa kama ndani ya pera. Ukutani ikageuka nyekundu, kama ini. Nikaogopa. Kwetu Kabare ukuta mbichi wa udongo huwashiwa moto ndani ya nyumba, basi nikaweka mbabula, yale majiko ya makaa, nikafungua dirisha, nikalala. Rangi ilikuja kweli, laini, nzuri. Lakini nilipoigusa ilibaki kiganjani kama unga.

Nilikimbia kwa jirani yangu, Mama Clémence, mke wa mwashi. Alikuja na kitambaa cha kulalia kichwani.

"Yesu Maria! Ulichoma ukuta kama gunzi la muhindi?"

"Ni vile tunafanya kwetu."

"Ule ni udongo, mama. Chokaa haipendi haraka. Uko na maji ya muhogo, ile ya kukazia kola za papa Polycarpe?"

"Iko."

"Lete. Na uache kulia, wazungu hawakuji kuangalia macho yako."

Tulijaza maji yale mdomoni tukayapuliza ukutani, kama fundi anavyopulizia nguo kabla ya pasi. Mama Clémence alikuwa na mimba kubwa, lakini hakukaa hata mara moja. Aliondoka kwa mlango wa nyuma gari likisimama mbele. Ukuta wote ulikuwa umelowa, rangi ya ini tena.

Polycarpe alitoka chumbani akifunga tai. Aliutazama ukuta, akanitazama mimi. Fundo lilimshinda. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Nifungie."

Bwana aliingia mbele ya Mademoiselle, akahesabu vijiko, akainua shuka la kitanda. Kisha akasimama sebuleni.

"Polycarpe, hii ni nyumba ao ni buchari ya nyama?"

Mimi nilikuwa nimeambiwa nisiseme. Nilimimina chai taratibu, nikamwekea Mademoiselle kiti karibu na dirisha, nikaomba moyoni wanywe polepole, ukuta upate kukauka. Bwana alikunywa haraka. Mademoiselle alipuliza kikombe chake kwa muda mrefu, na hadi leo sijui kama chai ilikuwa ya moto kiasi hicho.

Karibu na dirisha, nyuma ya bega lake, sehemu ndogo ya ukuta ilianza kupauka. Ikawa kama kiganja, kisha kama sahani. Waridi. Aligeuka, akaigusa kwa kidole, akakiangalia kidole. Kilikuwa safi. Akamwonyesha Bwana.

"Hapa, ndiyo," alisema Bwana. "Na kule kwingine?"

Kule kwingine kulikuwa bado kwekundu, na maji yalikuwa yakiteremka. Bwana alivaa kofia. Nilimwona Polycarpe akishika ukingo wa meza, mgongo ameunyoosha kama mtu anayesubiri kuitwa alale chini achapwe.

Nilisimama mlangoni, mbele ya Bwana.

"Chokaa haipendi haraka, Bwana. Tafazali, murudie tena kesho, ukuta ikishakauka. Murudie mutuone."