Nani Alionaka?

Mimi si mtu wa kuamini ovyo. Nauza vipuri vya magari karibu na soko la Likasi, na mtu akiniletea pampu ya maji akisema ni mpya, naigeuza, nainusa, naikwaruza kwa ukucha, kisha ndiyo namuuliza habari za nyumbani. Mke wangu Karima husema hata mkate naukagua kabla ya kuupaka siagi. Ni kweli. Na nimewahi kukuta mdudu.

Kwa hiyo watu hushangaa wakisikia kwamba kila Jumamosi alasiri nafunga duka na kwenda mtaa wa Panda, kukaa na mzee Étienne, fundi wa chuma aliyestaafu, tukitengeneza magari ya kuchezea. Ndivyo wanavyoyaita wao, ya kuchezea. Waje wayaone. Kila gari lina urefu wa shubiri moja na nusu. Mwili tunaukata kwenye makopo ya maziwa ya unga na ya mafuta, bampa tunazipinda kwa waya wa shaba uliosuguliwa mpaka ung'ae, viti vinatoka kwenye mikoba ya ngozi iliyotupwa na wake zetu, au ambayo wake zetu wanadhani imepotea. Milango inafunguka. Ukizungusha usukani, magurudumu ya mbele yanageuka.

Tunatengeneza magari ya zamani tu, yale yaliyopita kwenye barabara za mji huu, kila moja likiwa na mwenyewe na kasoro zake. Na tuna sheria moja. Mmoja akimaliza gari, analiweka mezani, na mwenzake analizunguka. Anaweza kuweka kidole popote, kwenye taa, kwenye kutu, kwenye mkwaruzo, na kuuliza, "Nani alionaka?" Mtengenezaji lazima ataje mtu aliyekiona kitu hicho kwa macho yake. Akikosa jina, anakitoa. Mzee Étienne alinilazimisha kutoa kioo cha pembeni cha Kombi moja ambacho nilikuwa tayari kukilia kiapo. Tulinuniana wiki tatu. Baadaye nilikumbuka kwamba nilikuwa nimesimuliwa tu.

Miaka kumi na moja tumekwenda hivyo. Sina rafiki mwingine, na sioni aibu kulisema.

Wiki ya Idi iliyopita nilimkuta amefunika kitu kwa taulo. Akalivuta taulo. Ilikuwa Peugeot 404 ya baba yangu.

Nilifurahi, nakiri. Rangi ya krimu, mlango wa nyuma wa kushoto uliokuwa haufungi vizuri, tasbihi kwenye kioo cha mbele. Baba, mzee Swedi, aliliendesha gari lile kama teksi, na Panda nzima ilimjua, kwa hiyo hayo yote yalikuwa na mashahidi mia. Nilifungua buti. Ndani ya kifuniko chake kulikuwa na kipande cha mbao nyembamba, kama kilichokuwa kwenye gari lenyewe. Mtu mwingine angeridhika. Mimi nilikibandua kwa ukucha, maana namjua mzee, wakati mwingine anaficha lehemu mbaya.

Chini ya mbao kulikuwa na mchoro mdogo uliokwaruzwa kwa sindano: gari lenye magurudumu matatu.

Mchoro ule niliuchora mimi kwa msumari kwenye gari lenyewe nilipokuwa na miaka kumi, kaka yangu Moussa akinishikia kifuniko. Gurudumu la nne sikulifikia, kwani kofi la baba lilinifika kwanza. Siku hiyohiyo baba aliufunika kwa mbao, akaipigilia misumari ya ribiti. Tulioujua tulikuwa watatu duniani. Kuuona, ilibidi mtu alifumue gari lile.

Na gari lile liliibwa.

Niseme mambo yalivyokuwa. Mwaka wa tisini na moja, nikiwa na miaka kumi na mitano, Peugeot ilitoweka alfajiri moja, baba akiwa msikitini. Alirudi kwa miguu kabla ya adhuhuri, akalikosa gari uani, akapiga kelele mtaa mzima ukaja. Moussa alikuwa na miaka ishirini, na mara mbili alishawahi kulichukua kwa siri kwenda kumwona msichana. Polisi walituuliza ufunguo anashika nani. Mimi nikasema nilimwona Moussa analitoa. Baba aliinamisha macho. Nilidhani ni aibu ya kumzaa mwizi. Moussa alikaa gerezani Buluo miezi kumi na minne. Baba alimpelekea chakula kila Ijumaa, mimi nilikataa kwenda. Alipotoka alihamia Mulungwishi, akawa fundi wa malori, na hata kwenye mazishi ya baba sikumpa mkono.

Basi nililishika lile gari dogo, nikairudisha mbao mahali pake, nikasema, "Ni muzuri sana, vieux." Sikuuliza swali letu. Nilitaka kwanza nijue naongea na nani. Mzee akanipa nilichukue, liwe langu.

Nilirudi dukani, nikaliweka gari juu ya meza na kulikagua kama pampu ya maji. Kitu cha kwanza: magari yetu yote, ukiyapindua, unasoma kwa chini maandishi ya kopo, maziwa, mafuta, nyanya. Hili halikuwa na herufi hata moja. Bati lake lilikuwa nene. Nilikwaruza ukingo kwa wembe. Chini ya krimu kulikuwa na kijani. Kabla ya kuwa krimu, Peugeot ya baba ilikuwa ya kijani.

Gari lilikuwa limekatwa kutoka kwenye bati la gari lenyewe.

Miaka kumi na moja nimekunywa chai ya mwizi! Siku ya Jumatano nilikwenda Panda saa ambazo mzee huwa kwenye kwaya, nikamkuta mkewe, mama Hortense, anachambua mboga za lengalenga. Nilijitia hamnazo. Nikamwambia natafuta bati la zamani, zito, kama lile la gari alilonipa mzee.

"Ile tôle?" akasema. "Ilikuwaka nyuma ya kabati tangu niko na mimba ya Michée. Kila mwaka namwambia atupe, anakataa. Anasema ile si yake."

"Michée alizaliwa mwaka gani, mama?"

"Quatre-vingt-douze, mwezi wa pili."

Tisini na mbili: nikahesabu kimoyomoyo miezi tisa nyuma, nikaangukia mwaka wa wizi, na kila kitu kikakaa mahali pake. Moussa alimuuzia Étienne gari, Étienne akalikatakata. Na huyu mzee, kwa kiburi cha ufundi wake, alishindwa kujizuia kuuonyesha mchoro. Nilihuzunika, lakini niseme kweli, nilifurahi pia. Kama Moussa aliuza gari, basi miaka yangu thelathini na zaidi ya kutomsalimu ilikuwa halali. Nilikuwa nikikosa usingizi kwa ajili ya miaka ile, ingawa Karima sikumwambia.

Jumamosi nilifika mapema. Mzee alikuwa anasugua waya. Nikaweka Peugeot mezani, nikafungua buti, nikabandua mbao, nikaweka kidole juu ya mchoro.

"Nani alionaka?"

Mzee Étienne alivua miwani. Akainuka, akanawa mikono kwenye ndoo, akaifuta taratibu kidole kwa kidole. Nilidhani anatafuta uongo wa kunipa.

"Minye," akasema, akijigusa kifua. "Minye njo nilionaka. Petit, miaka kumi na moja nangojea uniulize."

"Basi weye njo mwizi. Weye na Moussa."

"Moussa sikumujua hata uso. Kaa."

"Sikai."

"Basi simama. Ni baba yako njo aliniletea hii motokari. Ile asubui yenyewe, anatetemeka mwili muzima. Hakwenda ku muskiti. Alikuwa ku njia ya Buluo, giza bado, na macho yake ilishaanza kumuacha. Hakupenda muntu ajue, juu chauffeur ya teksi bila macho atakula nini? Akagonga muntu wa makala ku velo, baiskeli na magunia ya mukaa ikaanguka. Akaona bantu banatoka mu manyumba na mafimbo, akaogopa, akakimbia."

Nilimtazama usoni nitafute pale uongo unapokaa. Natazama nyuso za wauzaji kila siku, najua unapokaa. Sikuuona.

"Yule muntu alikufa?"

"Apana. Muguu ilivunjika. Alipona, akabakia anachechemea. Baba yako akaniomba tuikate kabla bantu habajaitambua. Nikaikata na chalumeau, moto ya gazi, siku mbili. Nikatosha ile mbao mu buti, nikaona ile kamuchoro. Ile kipande nikashindwa kuitupa, nikaiweka nyuma ya kabati. Ni kamuchoro ya mutoto."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Alinilapisha. Minye ku Biblia, yeye ku Korani. Nilapa sitasema kwa muntu. Lakini kujibu, hakunikataza. Hukujiulizaka hii sheria yetu ya Jumamosi ilitoka wapi? Weye njo ulikuja hapa na makopo yako, nikasikia jina ya baba yako, nikasema, siku moja huyu ataniuliza. Sasa macho yangu nayo inaanza kuniacha. Hii njo motokari yangu ya mwisho, nikaona nikuwekee ile kamuchoro, uulize."

Nilikaa.

"Na Moussa?" nikasema. "Baba alimuacha mutoto wake afungwe?"

Mzee Étienne alivaa tena miwani, akanitazama. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Baba yako alienda kusema bezi babeba motokari. Mwizi bila jina. Weye njo ulimupatia jina. Kisha alishindwa kurudi nyuma." Akaweka kidole kwenye meza, mbele yangu, mahali patupu. "Unisamee, petit, lakini naye Moussa: nani alionaka?"

Ile alfajiri nilikuwa kitandani, shuka mpaka kichwani. Nilisikia mlango wa gari, nikasikia injini ikikohoa, nikajiambia huyo ni Moussa tena. Nilikuwa na hakika. Asubuhi polisi walipouliza, nikaona watu wazima wote wamenyamaza na mimi nina jibu, nikasema nilimwona. Nilirudia mara ngapi! Kwa polisi, kwa mama, kwa Karima tulipooana. Mwishoni niliona kabisa mgongo wake na shati lake la buluu likiingia garini. Nilikuwa nimelichora mwenyewe, shati lile.

Mimi ninayenusa pampu za maji.

Jumapili ya wiki iliyofuata nililifunga gari kwa taulo la mzee, nikapanda basi kwenda Mulungwishi. Njia nzima nilitunga maneno. Nilipanga kumwambia kwanza habari ya baba, ili hasira yake iende huko, na ya kwangu ije nyuma, ndogo. Naliandika jambo hili kwa sababu ni kweli na nalionea aibu.

Moussa alikuwa uani kwake, mvi kichwa kizima, anakula na mkewe Jessy na watoto wakubwa wawili. Hakuinuka. Nilisimama pale na taulo langu kama mchuuzi.

"Shikamoo, yaya," nikasema, kama nilivyomwita kaka yangu tulipokuwa wadogo.

Alitafuna, akameza. "Nani amekufa?"

"Hakuna."

Nikaweka gari mbele yake, kando ya sahani ya bukari, ugali wa kwetu. Alifungua mlango wa nyuma wa kushoto, ukagoma kufunga. Akafungua buti. Hakuambiwa na mtu, akabandua mbao kwa ukucha, kama nilivyofanya mimi.

"Matatu," akasema.

"Baba hakuibiwa," nikaanza, haraka, kama nilivyopanga. "Baba mwenyewe njo alitoa motokari. Aligonga muntu, akaogopa…"

"Minajua."

Nikachuchumaa mbele yake.

"Alinielezaka ku Buluo, Ijumaa ya tatu. Alilia mbele ya bagardien ba gereza. Nikamwambia anyamaze, wacha nimalize. Baba angekufa mule, minye nilikuwa kijana." Aliifunga buti polepole. "Ya baba nilijua na nilisamee zamani. Ya weye njo sikuelewaka. Nilikuwa ku Panda ile asubui, na miguu yangu, ku nyumba ya kwao na huyu bibi yangu Jessy. Miaka yote nimejiuliza: mudogo wangu alionaka nini?"

Jessy aliacha kula. Watoto walikuwa wananitazama. Ndipo nilipoelewa kwamba wao walikua wakisikia baba yao ni mwizi, na kwamba aliyelisema ni mtu wa damu yao, shahidi wa macho.

"Sikuonaka kitu, yaya," nikasema. "Nilisikia paka moteri, sauti ya injini tu. Nilikuwa mu kitanda."

Sauti ilinitoka ndogo. Moussa alisogeza sahani, akageukia upande wa jiko ambako binti yake mkubwa alikuwa anachota maji, akamwita. Kisha akaita na majirani wawili waliokuwa kwenye ukuta, kwa majina yao, mmoja mmoja, akangoja mpaka wote wamefika.

"Rudilia," akaniambia. "Kwa sauti. Bote basikie."

Nikainuka, nikarudia.