Binti Aliyeachwa Katikati ya Hadithi

Mambo yaliharibika Alhamisi ya pili ya mwezi wa tano, asubuhi, mke wa fundi viatu alipokuwa akipanga mabenchi ya watoto kwenye chumba cha kanisa, na ukuta wa nyuma ukamwangukia. Ukuta huo ulikuwa na ufa, na alishawaambia wazee wa kanisa. Wakamjibu avumilie kidogo, wamalize kwanza mnara wa kengele. Mnara ukaisha, ukapakwa rangi, na mtu wa kwanza kuliliwa na kengele yake akawa yeye.

Alikuwa akifundisha shule ya Jumapili kwa hadithi tupu, bila picha wala kitabu cha maswali. Tena alikuwa na desturi yake: hadithi haimalizwi siku moja. Aliikata pale watoto walipobana pumzi, akawaambia, "Haya, nendeni mkale. Tutamkuta hapahapa." Na kweli walimkuta. Kipofu wa hadithi moja alikaa wiki nzima karibu na dirisha, na mfagizi akafagia kumzunguka. Wanaume wanne waliombeba mgonjwa walishinda juu ya paa, wakapinda mabati, na mwenyekiti wa wazee akanung'unikia mabati. Jumapili ikifika mama anamalizia, nao wanakwenda zao.

Jumapili yake ya mwisho alisimulia habari za mtu mmoja mkubwa ambaye bintiye alikuwa hoi kitandani. Baba amekwenda kumwita Yesu. Yesu yuko njiani, umati umemsonga, hapiti. Mara habari inakuja kwamba mtoto amekwishakata roho. Hapo akaikata.

Kwa hiyo baada ya mazishi watoto walimkuta binti amelazwa kwenye mkeka, amefunikwa shuka mpaka kidevuni, na baba yake amesimama mlangoni akitazama barabara. Palipokuwa na ukuta palitundikwa turubai. Watoto wakavua viatu, wakakaa.

Wazee walileta mwalimu mpya, kijana wa chuo, mwenye kitabu. Akausoma mwisho wa hadithi vizuri, bila kujikwaa. Binti hakutikisika. Akaja mchungaji mwenyewe na joho lake, akamshika mkono, akamwamuru ainuke. Wapi. Kibinti mmoja, kibogoyo wa meno ya mbele, akamwambia kwa heshima, "Samahani, baba mchungaji. Siyo hivyo. Mama huwa anaanza kwa kunong'ona."

"Ananong'ona nini?"

"Hatujui. Alikuwa hajafika hapo."

Watoto wakamfuata fundi viatu kibandani kwake. Walijua kwamba mkewe alizifanyia mazoezi hadithi zake jikoni, huku akichambua mboga. Fundi akawaambia, gundi ikimkaukia vidoleni, kwamba hata yeye hakuwahi kuambiwa mwisho. Akiuliza, mkewe alikuwa akicheka: utasikia Jumapili kama wenzako, kulala nami hakukupi upendeleo.

Hata hivyo akafunga kibanda, akaenda. Alipiga magoti kando ya mkeka, akanong'ona maneno pekee aliyoyajua, yale aliyokuwa akiamshwa nayo yeye mwenyewe kila asubuhi: amka, mzee, chai inapoa, jua limeshakushinda. Kope za binti zikacheza. Kisha zikatulia. Sauti haikuwa yenyewe.

Mwezi ulipokwisha, mwenyekiti alisema mtoto azikwe, chumba kinahitajika. Fundi akasimama mlangoni bega kwa bega na yule baba. Mwenyekiti akamshika mkono, akamkumbusha kwa upole kwamba yote haya ni mapenzi ya Mungu.

"Mungu hakukaa kwenye kikao chenu cha mnara," fundi akasema. "Mlikaa ninyi."

Mwenyekiti akatazama saa yake, akasema jambo hilo litaangaliwa.

Binti hakuzikwa. Watu wakamzoea, kama wanavyozoea kila kitu. Watoto hujifunza wakiwa wamemzunguka, wakipokezana kumfukuzia inzi, na yule mwalimu kijana amejifunza kumruka bila kumkanyaga. Ukuta ulijengwa upya kwa matofali yaleyale yaliyookotwa chini, na kabla ya Krismasi ufa ulikuwa umerudi mahali pake. Kidole cha mtu mzima kinaingia. Wazee wameambiwa. Kwa sasa wana kazi ya kuuzungushia mnara uzio.

Fundi naye huhudhuria kila Jumapili, amejikunja kwenye benchi la watoto, magoti yakikaribia kidevu. Hakuna aliyemkataza. Jumapili iliyopita, yule baba, ambaye hakuwa amesema neno tangu aachwe pale, aliacha kutazama barabara. Akamgeukia fundi, akamuuliza polepole, kama mgeni anayeuliza njia:

"Ndugu yangu, hao wanaomsonga njiani na kumchelewesha, hakuna wa kuwaambia wapishe?"