Kitunga Kilichorudi Kimejaa

Siku Mama Carine alipokuja kutuambia kwamba wamama wote wa parokia yetu hapa Bagira tutapeleka zawadi kwa askari wa fronti, nilikuwa ninachambua maharagwe mbele ya nyumba. Nikayaweka kando, maana Mama Carine akisema, anataka mutu amusikilize kwa mikono mitupu. Carine ni jina lake yeye mwenyewe, na ni présidente wa wamama. Alikuwa présidente tangu tuko pamoja shule ya primaire, na hadi leo sijamuona mutu aliyemuchagua.

Alisema kila mama atafunga sachet moja: sabuni, chumvi, sambaza za kukauka, vile visamaki vya ziwa letu, unga wa uji, soksi. Na ndani, karatasi ya shukrani. Maneno ya karatasi alikuwa ameshayatunga yeye mwenyewe, sisi kazi yetu ni kunakili: "Mashujaa wetu, Mungu awazidishie nguvu."

Nikamuuliza shujaa akiwa anaharisha atazifanyia nini hizo nguvu. Wamama wakacheka ndani ya vitambaa vyao. Carine hakucheka.

Nilicheka pamoja nao, lakini nilikuwa na neno langu tumboni. Gentil, mutoto wangu wa mwisho, alikuwa kule kule fronti, upande wa Kalehe. Tangu mvua zilipoanza simu yake haikupita tena. Kila nikipiga, ni yule bibi wa Kifaransa anayejibu kwamba mutu huyo hapatikani. Nimemutukana sana yule bibi, hana haya, kesho yake anarudia vile vile. Nilishuka mpaka mjini, kwenye bureau moja ya askari, wakaniambia "patience, maman", yaani nivumilie. Nikawajibu kwamba patience ninayo nyingi nyumbani, ninaweza hata kuwagawia. Mutoto ndiye ninayemutafuta. Hakuna aliyenitazama tena.

Ndipo nikafikiri kitunga.

Kwetu kule mlimani Kabare, kitunga cha mutu hakirudi tupu. Jirani akikuletea viazi katika kitunga chake, unakirudisha na kitu: maharagwe, ndizi, na kama nyumba imekauka kabisa, hata chumvi kidogo ndani ya jani. Nyumba inayorudisha kitunga tupu ni moja tu, nyumba yenye kilio. Hiyo inakirudisha kimefunikwa, mdomo unatazama chini. Ukikikuta hivyo mlangoni, unaanza kulia kabla ya kuuliza ni nani. Mama yangu alinifundisha hayo kabla sijajua kusoma.

Basi wenzangu walipokuwa wanafunga sachet zao, mimi nilitoa kitunga changu kidogo chenye kifuniko, kile kilichobeba unga siku ya ubatizo wa Gentil. Anakijua. Alijifunza kutembea akikisukuma. Nikatia karanga za kukaanga, sambaza, na soksi nilizofuma mwenyewe na masalio ya sufu, mguu mmoja mwekundu, mwingine wa kijani. Nilisema moyoni: akiwa muzima, atakijaza akirudishe. Akiwa hayuko, kule kuna watoto wengine wa Bashi, watu wa kwetu, wanajua desturi, watakifunika. Hata vile, nitajua. Kujua nako kunashibisha, ijapo ni chakula kichungu.

Carine akaona kitunga, akakunja uso. Alisema tumepatana sachet, na tena kitajaza nafasi ndani ya gari, na yeye mwenyewe anapanda gari hilo kusindikiza zawadi. Nikamuambia kama shida ni nafasi, kitunga kiende, na makalio yake yabaki Bagira. Hapo hata mama mjane wa nyuma, asiyecheka tangu mwaka jana, alicheka. Kitunga kikapita.

Karatasi yangu pia sikunakili. Niliandika: "Gentil, wewe uliyekimbia bata la jirani mpaka ukapanda juu ya meza, hiyo vita unaipiganaje? Asante kwa kutulinda. Rudisha kitunga. Mama yako."

Halafu nikangoja. Kungoja hakuna ufundi, mutu anakaa tu. Pikipiki ikisimama barabarani ninatoka. Ni ya jirani. Mbwa akibweka ninatoka, anabweka upepo. Kule fronti tulisikia kwamba watu wanakufa wengi, halafu tukasikia kwamba hapana, halafu tena tukasikia kwamba ndiyo.

Jumapili moja, nimetoka misa, nikamukuta kijana wa kiaskari mbele ya mlango wangu, anaegemea fimbo, mguu mmoja umefungwa bandeji mpaka gotini. Kitunga changu kilikuwa kifuani mwake. Kilikuwa kimesimama. Kifuniko kilikuwa juu, kimefungwa na kamba ya kiatu, na alivyokibeba niliona kwamba ni kizito.

Nilipiga vigelegele pale pale njiani. Sikumuuliza hata jina. Carine alikuwa anapita na kitabu chake cha nyimbo, nikamuita aje aone. Tukafungua: maharagwe, sabuni, chumvi ndani ya karatasi ya sigara, kipande cha muwa, kopo la sardine. Carine akapiga ishara ya musalaba, akasema, "Mungu asifiwe, mutoto iko muzima," akaenda mbio kuwaambia wenzake. Sikujua kwamba mama yule bado anaweza kukimbia.

Kijana alisema anaitwa Hugues, ni mutu wa Mbandaka. Alikuwa ametoka hospitali ya Katana, wanamurudisha kwao. Nikasonga bugali, nikamuwekea na sombe, majani ya muhogo. Huku ninapika nilimusimulia habari ya bata tangu mwanzo, na vile meza ilivyovunjika. Yeye alikuwa anafinyanga tonge moja tu, halitelemki. Askari asiyekula. Nikakaa chini mbele yake.

"Na muoga wangu anaendelea aje?"

"Maman, kitunga imejaa," akasema.

"Ninaona, niko na macho. Ninakuuliza yeye."

Alitazama chini, nami nikatazama pale alipotazama. Katika mguu wake muzima kulikuwa soksi nyekundu.

Moto ulikuwa unazimika. Niliuacha uzimike.

"Nani alikuambia ujaze kitunga?"

"Ye mwenyewe. Alisema kitunga ya mama yake hairudiake bure. Ikirudi bure, mama atamupiga."

"Alisema lini?"

Hugues akarudisha tonge ndani ya sahani, akasema, "Ile siku. Nilikuwa nimemushika kichwa."

Alinieleza pole pole, kwa Kiswahili chake cha Lingala. Kitunga kilimukuta Gentil akiwa muzima. Karatasi aliwasomea wote kwa sauti, wakacheka mpaka mutu mmoja akalia, na tangu siku ile kikosi kizima kilimuita Bata. Alikula karanga, akavaa soksi. Siku chache baadaye wakashambuliwa. Alipokwisha kufa, kila mutu alitia kitu ndani ya kitunga, hata komanda, sardine ilikuwa ya komanda. Hugues alipoumia naye, wakamufungia kitunga pamoja na vitu vyake, akakilinda hospitalini asikiibe mutu.

"Hakukimbia?" nikamuuliza.

"Hapana, maman. Hakukimbia hata kidogo."

"Angekimbia," nikasema.

Akaniuliza kama alikosea kuleta vile. Ni mutu wa mbali, wa mtoni. Nusu ya desturi aliambiwa, nusu nyingine mwenye kuijua hakupata muda. Nikamujibu kwamba hakukosea, alifanya vile alivyotumwa. Nikamwaga maharagwe ndani ya chungu, nikaweka chumvi na sabuni juu ya rafu. Muwa niliushika kidogo, nikauweka nao. Sardine nilimurudishia Hugues, ale njiani.

Halafu nikatoka na kitunga, nikakifunika pale mlangoni, mdomo chini.

Toka barabarani nilisikia wimbo. Carine alikuwa anarudi na wamama, wanapiga makofi, wanakuja kunipongeza, yeye mbele kama kawaida yake. Walipofika kwenye kona waliona mlango wangu. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Carine alisimama mdomo wazi, présidente mzima. Halafu akavua viatu, akaja akaketi chini kando ya kitunga, akaanza kulia kabla yangu.