Koti la Zambarau

"Kaa kama uko kwenye pikipiki," muuza mitumba alisema, akisukuma furushi la nguo katikati ya njia. "Koti la pikipiki halijaribiwi mtu akiwa wima."

Dereva wa bodaboda akakaa juu yake. Alinyoosha mikono kushika usukani ambao haukuwepo. Mikono ya koti ikapanda, ikaacha wazi kipande kirefu cha ngozi mpya, laini, isiyofanana na ngozi yake nyingine.

"Hilo hapana," mkewe alisema.

"Mama watoto, nimechoka."

"Choka tu. Mimi ndiye niliyekuosha hicho kidonda."

Miaka yote dereva alikuwa akivaa koti zito la ngozi aliloachiwa na kaka yake. Kiangazi hiki jua lilimshinda. Mchana mmoja, kizunguzungu kilipomshika, alilivua akalifunga juu ya tangi. Hakufika mbali. Gari dogo lilikata kona mbele yake bila kutoa ishara, naye akaburuzika kwenye lami, mkono mtupu ukiwa chini yake. Koti halikupata hata mkwaruzo.

"Pikipiki imevaa, mwenyewe uko uchi!" wenzake walimtania walipokuja kumwona. Alicheka nao. Ila tangu siku hiyo, kila akiwasha injini alisita kuondoka, na hilo hakumwambia mtu, hata mkewe.

Muuza mitumba alizama ndani ya furushi, akaibuka na koti la zambarau. "Hili ni la wavu. Upepo unapita."

Mkewe alilipokea, akaliinua juani, akalivuta kwa mikono miwili. "Wavu huu ukiburuzwa si unachanika?"

"Wavu uko kifuani na mgongoni, dada. Mabegani na mikononi ni kitambaa kigumu, pale mtu anapoangukia. Bonyeza kiwiko."

Alibonyeza. Ndani mlikuwa na kikinga kigumu kama gamba la kobe. Akamvisha mumewe kama anayemvisha mtoto, akamkalisha tena juu ya furushi. Mikono ya koti ilitulia kwenye vifundo vya mikono.

"Ni la kike," dereva alinong'ona.

"Linakuenea."

"Wenzangu watanimaliza kwa maneno."

"Maneno hayachubui," mkewe alisema. Akageuka upande, akajifanya anatafuta pochi.

Dereva alimtazama mgongo. Akafunga zipu hadi shingoni.

Kijiweni walimpokea kwa vigelegele. "Bibi harusi kafika! Bwana yuko wapi?" Mmoja alimzunguka akiimba, mwingine akamshika kiwiko, akapapasa kile kikinga, kisha akakipapasa tena. Dereva alitabasamu kwa uchovu, akaegesha pikipiki kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Jasho lilimtoka usoni. Mgongoni palikuwa na ubaridi kidogo.

Mama mmoja alikuja na mfuko wa vitabu kifuani. Madereva wengine wote walikuwa wamebeba abiria, zamu ilikuwa imemfikia yeye.

"Uko huru, kaka?"

"Niko huru."

Alimpa kofia ngumu, akamsubiri akaze kamba kidevuni. Pikipiki ilizama kidogo alipopanda nyuma.

"Taratibu lakini," mama alisema. "Mimi ni mwoga."

"Taratibu," dereva alijibu.

Akawasha. Mbele yao magari yalipita, moja baada ya jingine, na lami ilimeremeta kama imemwagiwa maji. Vidole vyake vilibaki vimebana klachi.

"Tunasubiri nini?" mama aliuliza.

"Nafasi," alisema.