Daraja la Langetille Limesusa

Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Hylke Bouma alikuwa amemaliza kupaka kucha za mkono wa kushoto na yuko kwenye gumba la kulia, boti ya kwanza ikapiga honi. Akaipungia ingoje. Rangi ilikuwa kijani, ile ya magugu yanayoelea mferejini mwezi wa saba, na rangi ya namna hiyo ukiiharakisha inafanya mapovu. Akapuliza vidole, akahesabu mpaka sitini, akashika mpini wa mashine kwa ncha za vidole. Daraja la Langetille likapanda.

Kisha akafungua dirisha, akatoa fimbo ya kuvulia samaki yenye kiatu cha mti kinachoning'inia kwenye uzi, akakipeleka mpaka puani pa nahodha. Mkoani Friesland ushuru wa daraja unalipwa hivyo: unatia sarafu kiatuni, mlinzi anavuta, kila mtu anashika njia yake. Kwa hiyo watu wanaijua mikono ya mlinzi kuliko uso wake.

"Leo kijani, Hylke?" nahodha akauliza.

"Jana bluu. Nimeichoka."

Alianza miaka minane iliyopita, bila kisa cha kusimulia. Alikuwa ameitazama mikono ile ile juu ya mpini ule ule kwa miaka kumi na moja, ikamchosha. Wanaume wengine wakichoka hufuga ndevu. Ndevu alikuwa nazo tayari, nyekundu, mpaka kifuani. Basi akaenda dukani akanunua kichupa. Kijiji kikamtania wiki mbili, kikaacha. Fundi baiskeli akaiga, halafu mwalimu wa hesabu, na siku hizi kwenye foleni ya mkate wa sukari utakuta wanaume watatu wamepaka na hakuna anayegeuza shingo.

Jumatano ikaja barua. Bwana Terpstra, mwenye boti nyeupe, mtu wa mjini anayekuja wikendi, alilalamika kwa halmashauri kwamba alikuwa na wageni, na mkono uliowaletea kiatu ulikuwa na kucha zilizopakwa rangi nao ni wa mwanamume. Barua haikusema mkono huo uliwafanya nini wageni.

Sytse Wiarda, msimamizi wa madaraja, akamwita Hylke ofisini. Akampa kahawa na biskuti moja, akafunga mkebe.

"Mimi binafsi sina neno," akasema. Wenye neno huanza hivyo.

"Sasa umeniitia nini?"

"Mtumishi wa halmashauri anatakiwa awe na mikono ya kawaida."

"Na ya Tjitske?"

Tjitske ndiye aliyempokea Hylke zamu kila mchana. Kucha zake zilikuwa nyekundu, ndefu kama vijiko vya chumvi.

"Ya Tjitske ni ya Tjitske. Usiniletee ligi, Hylke."

"Kazi moja, daraja moja. Hata kichupa tunaazimana."

"Hilo la kuazimana usilitaje popote. Ijumaa nikija nikute mikono mitupu. Vinginevyo nitakuta kiti kitupu."

Hylke alikipenda kile kiti. Alikikalia miaka kumi na tisa, kimeshika umbo lake, na kazi nyingine hakuijua. Alhamisi baada ya chakula akakaa jikoni na pamba na dawa ya kutolea rangi, akafuta moja moja. Vidole vikabaki kama viazi vya kuchemsha.

Ijumaa akashika mpini. Daraja likapanda kiasi cha kiganja kimoja, likasimama.

"Bado una kijani hapo," Wiarda akasema, akionyesha pembeni ya kidole cha mwisho. Hylke akakifuta. Daraja likashuka kile kiganja, likatulia.

Kufika saa sita boti kumi na nne zilikuwa zimepanga foleni, milingoti imesimama kama uzio. Akaja fundi wa mkoa. Akafungua mashine, akaifunga, akala mkate wake wenye jibini, akaweka sikio kwenye chuma.

"Mashine ni nzima," akasema. "Daraja limesusa."

"Linasusa nini?" Wiarda akauliza.

Fundi akaelekeza bisibisi kwenye vidole vya Hylke.

"Kuna spea ya hiyo?" Wiarda akauliza.

"Haina spea. Mpake."

Wiarda hakupenda jibu. Akamwita Tjitske kabla ya zamu yake, na kucha zake zote kumi. Daraja kimya. Wiarda akajifungia kibandani, akapaka gumba lake mwenyewe, akabonyeza mpini. Daraja likakohoa mara moja, likanyamaza. Akatoka gumba likiwa mfukoni.

"Jamani, mwacheni apake!" Tjitske akasema, mbele ya boti zote. "Kinachowakera ni rangi au ndevu? Semeni tujue!"

Boti nyeupe ya Terpstra, ya tisa kwenye foleni, ikapiga honi ndefu.

"Tutakaa kikao," Wiarda akasema.

Kikao kikakaa siku nne, mfereji umefungwa. Siku ya tano akaja seremala na mbao. Akaziba dirisha la kibanda upande wa maji kuanzia juu mpaka chini, akaacha tundu moja la kupenya mkono. Hylke aliruhusiwa kupaka, kwa mahitaji ya kiufundi, ilimradi asionekane.

"Si umepata ulichotaka?" Wiarda akamwambia.

"Nilitaka kupaka kucha nifanye kazi, Sytse. Sikuomba jeneza."

"Taa utawekewa."

Hylke akapaka kijani kile kile, akapuliza, akahesabu. Daraja likapanda mpaka juu kabisa. Akapitisha mkono tunduni na fimbo na kiatu. Zikapita boti nane. Ikaja nyeupe.

"Hatimaye!" Terpstra akawaambia wageni wake. "Wamelitoa lile dume. Asante, dada! Mkono kama huu ndio unaopendezesha daraja!"

Wageni wakapiga makofi. Kupitia tundu Hylke aliona kofia ya Terpstra na nusu ya sikio.

"Karibu tena, Bwana Terpstra," akajibu, kwa sauti yake ya siku zote, ile ya pipa.

Jumatano ikaja barua ya pili. Terpstra aliisifu halmashauri kwa dada mpya, ila akauliza ni mwanamume gani anakaa nyuma yake na kumjibia, maana si heshima. Wiarda akabandika karatasi ndani ya kibanda, juu ya tundu: mlinzi asiongee na boti.

Tjitske akaja kupokea zamu, akaisoma, akaichana. Kesho yake ilikuwepo nyingine, imepigiliwa misumari.

Jumamosi asubuhi Hylke alifungua kichupa cheusi. Akapaka mara tatu, vidole vyote kumi, akangoja vikauke kabisa. Daraja likapanda bila hata kulia. Ikaja boti nyeupe, akatoa mkono.

Terpstra akautazama. Akazima injini, akavua kofia, akawaashiria wageni wake nao wavue.

"Pole na msiba, dada," akasema kwa upole, akatia sarafu.

Hylke akavuta kiatu ndani, akashusha daraja kabla boti nyeupe haijapita.